Kina gani hasa? Dhana potofu kuhusu data za uchimbaji wa sakafu ya bahari

"Data hizi ni mali ya waliokuwa melini."

Ni zao kwa muda tu. Katika IODP, mpango wa kimataifa wa kuchimba sakafu ya bahari uliomalizika mwaka 2024, timu ya safari ilipewa kipindi cha zuio, kwa kawaida mwaka 1 tangu safari iishe au tangu sampuli zimalize kukatwa nchi kavu. Baada ya hapo vipimo vyote viko wazi kwa kila mtu. Vya meli ya JOIDES Resolution vimo kwenye kanzidata ya LIMS, na vya safari zilizoendeshwa na Ulaya vimo PANGAEA, hifadhi ya data ya mtandaoni. Kori zenyewe, yaani michi ya mashapo na mwamba inayotoka ndani ya bomba la kuchimbia, zimetunzwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi katika maghala matatu: College Station (Texas), Bremen na Kochi. Kori za Bahari ya Hindi ziko Kochi, Japani, zikiwemo zile zilizochimbwa mwaka 1972 katika Bonde la Somali, mashariki ya pwani ya Kenya. Mtafiti wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuomba sampuli kwa masharti yale yale ya mtafiti wa Ujerumani, na inasikitisha kuona ni wachache wanaolijua hilo.

"Kina ni kina. Mita 49 ni mita 49."

Kosa hili limeharibu kazi nyingi kuliko jingine lolote tunalolijua.

Bomba la pistoni huzama mita 9.5 kwa mkupuo mmoja. Mashapo yakitolewa chini ya mgandamizo wa bahari hufura, kwa hiyo kori inaweza kufika melini ikiwa na urefu wa mita 10.1. Tuseme ilianzia mita 40.0. Kwa kipimo cha kina kiitwacho CSF-A, kinachohesabu urefu kama ulivyo, mwisho wake utasomeka 50.1, ilhali kori inayofuata imeanzia 49.5. Hapo kuna sentimita 60 ambazo kori mbili zinazigombania. Kipimo cha CSF-B huibana kori irudi ndani ya mita 9.5. Sampuli iliyo mita 9.8 kutoka juu ya kori hiyo itakuwa 49.8 kwa CSF-A, lakini 49.22 kwa CSF-B. Mahali ambapo mashapo hujilundika sentimita 3 kwa miaka 1,000, tofauti hiyo ya sentimita 58 ni takriban miaka 19,000, karibu mzunguko mzima wa tabianchi unaotokana na kuyumba kwa mhimili wa Dunia.

Kuna na cha tatu, CCSF. Hata kori zikitoka zimejaa, kati ya moja na inayofuata hubaki pengo, ndiyo maana kituo kimoja huchimbwa mashimo mawili au matatu, kisha mashimo hayo huoanishwa kwa kufananisha michoro ya vipimo. Kina kinachopatikana mara nyingi huwa kirefu kwa asilimia 10 hadi 15 kuliko kilichochimbwa. Ukichanganya shimo A na shimo B kwa CSF-A, kilele kimoja cha tabianchi kitajitokeza mara mbili.

Kwa hiyo usiandike "kina (m)" peke yake. Andika anwani kamili, mfano 361-U1476A-5H-3W, 50–52: safari, kituo na shimo, kori (H ni ya pistoni, X na R ni za keekee), kipande, nusu (W ni nusu ya kazi), kisha sentimita ndani ya kipande. Anwani haibadiliki, lakini kina hubadilika kila uoanishaji unaporekebishwa. Mwenye anwani atakokotoa upya. Mwenye kina pekee amekwama.

"Kilichomo kwenye kanzidata kimeshasafishwa."

Hapana. Kimewekwa kama mashine ilivyosoma. Kori hukatwa vipande vya mita 1.5, na kila ncha ya kipande hushusha usomaji wa mvuto wa sumaku (jinsi mashapo yanavyoitikia sumaku) kwa sababu kitanzi cha mashine kinasoma hewa pamoja na mashapo. Nyufa na uwazi hushusha msongamano vivyo hivyo. Ondoa sentimita chache za kila ncha, linganisha na picha ya kori, na uandike ulichoondoa na kwa nini. Tahadhari na takataka zilizoporomoka kutoka ukutani mwa shimo: hukaa juu ya kori na kuonekana kama tabaka halali.

"Jedwali ndani ya PDF linatosha."

Atakayelitaka atalichapa upya na kukosea. Toa faili la CSV kwenye hifadhi inayotoa DOI (kitambulisho cha kudumu), kama PANGAEA au Zenodo. Mwanzo na mwisho wa sampuli vipe safu mbili tofauti, kwa sababu ukiandika "3-5" Excel hugeuza kuwa tarehe. Nafasi isiyopimwa iache tupu, wala usiweke 0. Kiwango kilicho chini ya uwezo wa mashine kipe alama yake. Taja kizio, mashine, kipimo cha kina na toleo la uoanishaji.

"Kori ikishapimwa, kazi imekwisha."

Kori hupasuliwa kwa urefu kuwa nusu mbili. Nusu ya kazi (W) hukatwa sampuli. Nusu ya hifadhi (A) hupigwa picha, huelezwa, kisha hutunzwa kwa maswali na mashine za baadaye. Atakayeifungua miaka 40 ijayo ataipata kwa ile ile anwani uliyoiandika kwenye faili lako.