Kuteua Waraka Wote Hakubadili Waraka Wote

Wengi huamini kwamba ili kubadili fonti ya tasnifu ya kurasa 200 katika Microsoft Word, inatosha kubonyeza Ctrl na A, kisha kuchagua fonti mpya. Amri hiyo, ikitolewa ndani ya matini kuu, haizigusi tanbihi, vijajuu vya kurasa wala visanduku vya maandishi. Na ukibadili pia ukubwa wa herufi, vichwa vya sura hulingana na aya za kawaida, nawe ukabaki na kazi ya kuvirudisha kimoja kimoja.

Kinachofaa kurekebishwa ni mtindo wenyewe, yaani seti yenye jina ya sifa za maandishi, kama fonti na ukubwa, ambayo Word huitumia kwa aya. Aya za kawaida hufuata mtindo uitwao Normal, ambao mitindo mingine mingi, ukiwemo ule wa tanbihi, huurithi. Kwa hiyo ukiubadili mara moja, fonti hubadilika hadi kwenye tanbihi, ilhali vichwa vilivyopewa mtindo wa Heading 1 hubaki na ukubwa wake. Sehemu zilizopambwa kwa mkono, yaani zilizopewa fonti au ukubwa wake moja kwa moja bila kupitia mtindo, ndizo hukaidi, kwa kuwa pambo la mkono huushinda mtindo. Ziteue, kisha ubonyeze Ctrl pamoja na kitufe cha nafasi, ingawa hatua hiyo hufuta hata italiki ulizozihitaji, hivyo usiifanye kwa pupa.