Mtaalamu Aliyekuja na Ndoo Tupu

Mkutano uliitwa saa nne asubuhi, ukatimia saa sita kasoro. Tulikuwa kwenye kijiji kimoja cha miteremko ya Uporoto, juu ya jiji la Mbeya, wazee wamejikunyata ndani ya makoti ingawa Oktoba ilikuwa inaisha. Mwenyekiti akamtambulisha mgeni: fundi sanifu wa maji. Mgeni akasalimia, akafungua kamba kwenye pikipiki yake, akashusha ndoo ya plastiki ya lita 20. Basi. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa upole kabisa, “Mwanangu, fedha zimo humo ndani ya ndoo?”

Watu wakacheka, ila nusu yao walikuwa na swali hilohilo moyoni. Nimekaa na vikundi vya huku kwetu miaka kadhaa, mara kama katibu, mara kama mtu wa kuitwa kusaidia kuandika. Dhana zilizo hapa chini, kuhusu msaada wa kitaalamu na uendeshaji wa vikundi, nimezisikia vikaoni, na mbili kati yake niliwahi kuzitetea mwenyewe.

“Msaada wa kitaalamu ni hela iliyopewa jina la kistaarabu”

Siku ile msaada ulikuwa ndoo yenyewe. Kamati ya maji ilitaka kuvuta maji ya chemchemi iliyo juu ya kijiji na kuyagawa kwa vitongoji vitatu, watu kama 3,000. Mpango uliandikwa Aprili, masika yamekolea, chemchemi inanguruma. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amepima: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 15. Kwa siku nzima hiyo ni lita 115,200. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate walau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Kwa hesabu ya Aprili, maji yaliwatosha watu 4,600 na yakabaki.

Fundi akasema tupande. Mvua za huku huanza Novemba, kwa hiyo mwisho wa Oktoba ndio wakati chemchemi inapoonyesha ilichonacho kweli. Akapachika kipande cha bomba penye mdomo wa maji, akaziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi, akakinga ndoo na kutazama saa. Sekunde 50. Akamwaga, akarudia mara tatu, zilezile. Ni lita 34,560 kwa siku, watu 1,380 hivi. Yule mzee wa fedha ndani ya ndoo ndiye aliyevunja ukimya: kila Oktoba, tangu yeye mtoto, ng'ombe hushushwa bondeni kunywa kwa sababu huku juu maji hayatoshi. Alikuwa analijua muda wote. Kamati haikuwahi kumuuliza, na mimi niliyewaandikia mpango sikumuuliza pia.

Vitongoji vitatu vikawa kimoja na nusu, na kelele zikawa nyingi. Mimi naona zilikuwa kelele za bei nafuu, kwa kuwa mtaro hata mmoja ulikuwa haujachimbwa.

Fundi hakuishia hapo. Akatuonyesha kwamba kati ya saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa wamelala, chemchemi inatoa karibu lita 13,000. Pasipo tangi la kuyapokea, hayo yanarudi mtoni. Kisha akauliza mabomba yako wapi. Kumbe kamati ilishanunua roli kadhaa za bomba la plastiki daraja la PN 6, kwa sababu ndilo lililokuwa rahisi dukani. Kutoka chemchemi hadi kituo cha chini kabisa mteremko, ukipimwa wima, ni mita 96. Kila mita 10 za mteremko huongeza presha ya bari moja, na PN 6 maana yake bomba linahimili bari 6, yaani mita 60. Sisi tulidhani bomba likipasuka litapasuka mchana, watu wakiwa wamejazana kituoni. Fundi akasema hapana: litapasuka usiku, koki zote zikiwa zimefungwa na maji yamesimama, maana hapo ndipo uzito wote unalala chini.

Nikajua sasa tutaambiwa turudishe mabomba. Badala yake akachora tangi dogo la zege katikati ya mteremko, lililo wazi juu, ambamo maji yanaingia, presha inakwisha, kisha yanaanza safari upya. Mita 48 juu, mita 48 chini, na mabomba yaleyale yakatumika.

“Wataalamu wako Dar, na ukimpata lazima umlipe”

Hii inaniudhi kidogo, hasa ikisemwa na mtu wa Mbeya. Uyole peke yake pana kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Uyole, na pana Chuo cha Maendeleo ya Jamii. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi mjini. Barabara za mitaa, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, kwa hiyo kikundi kinachotaka kuweka kalavati kwa michango yake kianze kwao kabla ya kununua nondo. Maji ya vijijini ni ya RUWASA tangu Julai 2019. Na kabla ya wote hao yupo afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye vikundi vingi humkumbuka siku ya kutafuta mhuri.

Ushauri wao ni sehemu ya kazi wanayolipwa mshahara. Mafuta ya pikipiki ni habari nyingine, sitajifanya sijui. Kata ni kubwa na milima ni milima. Ila nimeona barua zinavyotofautiana. Inayosema “tunaomba msaada wa kitaalamu katika shughuli zetu” hulala kwenye faili. Inayosema “tuna chemchemi, tumeipima Oktoba, ndoo inajaa kwa sekunde 50, tunaomba mtu wa kupima mteremko” humfanya mtu ainuke kitini, kwa sababu anajua aje na kifaa gani.

Lililo gumu ni kujua mlango. Mkoa wa Mbeya umekaa juu ya mabonde matatu ya maji: la Ziwa Rukwa, ambalo ofisi yake iko Mbeya mjini, la Ziwa Nyasa, ofisi Tukuyu, na la Rufiji, ofisi Iringa. Kibali cha kutumia maji hutolewa na bodi ya bonde husika, chini ya sheria ya mwaka 2009. Kijiji kilichokaa mgongoni mwa Uporoto kinaweza kabisa kupeleka barua kwa wasiohusika, kikasubiri miezi. Kwetu fundi alijua kwa kutazama tu maji yanaelekea upande gani. Akajua pia kwamba milingoti, yaani mikaratusi, ya jirani mmoja iliyosogelea chemchemi ingetuletea shida, kwa kuwa sheria inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo. Jirani huyo bado hatusalimii vizuri.

“Ukiwa na andiko zuri, fedha zitakuja”

Kikundi kimoja cha akina mama wakulima wa viazi kiliniletea andiko lake nilitazame kabla hawajalipeleka kuomba mkopo wa halmashauri. Walikuwa wamemlipa kijana wa steshenari. Lilikuwa limechapwa vizuri, lina kava ya plastiki, lina picha ya tabasamu. Ukurasa wa sita ulitaja “wavuvi wetu”. Wavuvi, kwenye shamba la viazi! Tulicheka mpaka mama katibu akafuta machozi.

Wavuvi walifutika kwa dakika moja. Kosa kubwa liligunduliwa na bwana shamba, kwa swali moja: “Gunia lenu lina kilo ngapi?” Kimya. Andiko lilihesabu mavuno ya kilo 7,000 kuwa magunia 70 ya kilo mia mia, na kilo 100 ndicho kikomo cha sheria ya vipimo. Lakini mnunuzi anayefika shambani na fuso hanunui gunia hilo. Anaunganisha kipande kingine juu ya mdomo, anajaza, anashona, na hiyo ndiyo lumbesa. Ikifika kilo 130, zilezile kilo 7,000 zinatoa magunia 54 tu, kwa bei ileile ya gunia. Magunia 16 yalikuwa yanaota kwenye karatasi peke yake, na rejesho la mkopo lilikuwa limepangwa kutoka humo.

Wakapunguza mkopo walioomba. Wengine kikundini walinuna, wakisema bwana shamba amewakata mkono. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa msaada mkubwa kuliko wote waliopata mwaka ule.

“Mkopo wa asilimia 10 ni zawadi”

Hauna riba, na labda ndiyo sababu. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo. Serikali iliusitisha mwaka 2023, na madeni yasiyorejeshwa yalikuwa sehemu ya kilio chenyewe, ukarejeshwa 2024. Anayekuambia usilipe kwa sababu “ni hela ya Serikali” hatakuwepo siku jina la kikundi litakaposomwa.

“Cheti ni cheti”

Si kweli, na sina mengi ya kuongeza. Kikundi cha kuweka na kukopa kinasajiliwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kupitia halmashauri. SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ni ushirika. Shirika lisilo la kiserikali lina sheria yake ya mwaka 2002 na Msajili wake. Ukiwa na cha kwanza usijitambulishe kama cha tatu kwa mfadhili. Atauliza.

“Hesabu ni kazi ya mhazini”

Sanduku la vikoba lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la misaada la CARE huko Niger mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi wao hawakujua kusoma, na tangu mwanzo fedha ilihesabiwa mbele ya wote. Sasa njoo kwenye kikundi chenye akaunti ya benki na wanachama waliomaliza kidato cha nne: daftari linalala kwa mhazini mwaka mzima, halafu Desemba watu wanashangaa.

“Mradi ukizinduliwa, mtaalamu ana kazi gani tena?”

Utepe wetu ulikatwa, ngoma ikapigwa, wali ukaliwa. Wiki ya pili koki moja ikaanza kuvuja. Tatizo lilikuwa washa, kidude cha mpira kisichozidi ukubwa wa kitufe cha shati. Fundi alikuwa amewafundisha vijana wawili, msichana na mvulana, kuifungua kwa spana, na amewaachia orodha ya vipuri ukutani mwa ofisi ya kijiji. Koki ikatengenezwa kabla ya mchana. Hilo halikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Kitongoji kilichobaki bila maji hakijasamehe. Oktoba iliyofuata mwenyekiti wake akanipigia simu jioni, sauti imejaa pumzi za mlima. Wamepata chemchemi nyingine, chini zaidi, wameipima wenyewe mara tatu, ndoo inajaa kwa sekunde 38. Ni watu wangapi hapo? Nikamwambia apige hesabu mwenyewe. Akakata simu. Dakika kumi baadaye akarudi: lita 45,000 na ushee, watu 1,800. Akaomba namba ya fundi.