Vijiji vya Ruvuma na suala la nani anaamua

Katika kufundisha historia ya maendeleo vijijini mimi hurejea mara kwa mara kifungu cha 28 cha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, kinachosema kwamba tendo lolote linalowapa watu uwezo zaidi wa kuamua mambo yao wenyewe ni la maendeleo, hata kama haliwaongezei afya wala shibe. Sijui mfano wa fikra hiyo nchini Tanzania unaoushinda umoja wa vijiji vya Ruvuma, maarufu kwa kifupi kama RDA (Ruvuma Development Association), ambao TANU yenyewe ilikuwa imekwisha kuupiga marufuku miaka miwili kabla.

Umoja huo ulichipuka Litowa, wilayani Songea, ambako vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kuishi na kulima pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengine walijiunga kwa hiari yao, hata kufikia vijiji 17. Mkutano wa wanakijiji ndio uliogawa kazi, ukaamua nani aende shambani na nani ajenge, kipi kiuzwe na kipi kibaki ghalani. Walikuwa na mashine yao ya kusaga nafaka mjini Songea, na shule ya Litowa ilimwandaa mtoto kuishi kijijini kwa heshima badala ya kumchuja tu kwa ajili ya sekondari, jambo ambalo kwangu lilikuwa la kijasiri kuliko hata shamba la pamoja.

Mgongano ulitokana na utaratibu huohuo. Viongozi wa mkoa walitaka tumbaku zaidi, ilhali wanavijiji walitanguliza chakula. Na mtendaji aliyezoea kutoa maagizo atafanya nini mahali ambapo agizo lake hujadiliwa kwanza, na pengine kukataliwa? Nyerere aliwaunga mkono waziwazi, na sera yake ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 ilichota mengi kwao. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo na mali zake zikachukuliwa.

Baada ya hapo vijiji vya ujamaa viliongezeka kwa kasi, lakini kwa njia nyingine: mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na katika Operesheni Vijiji mamilioni ya watu walihamishwa, wengi wao kwa nguvu, kwenda maeneo waliyochaguliwa na maofisa.