Koili na Kimiminika cha Sigara za Kielektroniki: Visomwe Pamoja

Malalamiko ya watumiaji wa sigara za kielektroniki yanayofika kwenye dawati letu yanafanana: koo linawaka, mvuke unanuka pamba iliyoungua, kichwa kinazunguka, kifaa kinavuja. Mlalamikaji huja akiwa ameshapata mkosaji, ama koili (waya unaopata joto na kugeuza kimiminika kilichonyonywa na pamba kuwa mvuke) ama juisi, yaani kimiminika chenyewe. Ni wachache wanaouliza kama viwili hivyo vinaendana, na mara nyingi tatizo liko hapo.

Kwenye koili, angalia kwanza omu, kipimo cha upinzani wake dhidi ya umeme. Betri ya lithiamu iliyojaa chaji ina volti 4.2. Katika kifaa kisicho na kidhibiti cha umeme, koili ya omu 1.2 hupitisha ampia 3.5, yaani chini kidogo ya wati 15. Koili ya omu 0.15 kwenye betri hiyohiyo huvuta ampia 28, takriban wati 118, na betri nyingi za aina ya 18650 hazikuundwa kuhimili mkondo huo mfululizo. Anayeamini kwamba omu ndogo ni koili dhaifu ameelewa kinyume kabisa, na imani hiyo huchoma watu mikono.

Waya nao hutofautiana. Kanthal, ambayo ni chuma, kromiamu na alumini, hutumika kwa kupanga wati tu, kwa kuwa upinzani wake haubadiliki vya kutosha joto linapopanda. Nikeli, titani na chuma cha pua cha 316L hubadilika, hivyo kifaa chenye uwezo wa kupima mabadiliko hayo hukadiria joto na kupunguza umeme kabla pamba haijaungua. Lakini nikeli na titani zisiwashwe kwa mpangilio wa wati, wala zisichomwe zikiwa kavu kwa nia ya kuzisafisha. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa risasi, nikeli na kromiamu vilikuwa vingi zaidi kwenye kimiminika kilichokwisha kugusana na koili kuliko kile cha chupani.

Sasa kimiminika. Si maji. Inachosha kulirudia hili, lakini bado tunaambiwa kila mara kwamba kinachovutwa ni mvuke wa maji tu. Msingi wake ni propilini glikoli, ambayo ni nyepesi na huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini, ambayo ni nzito na huchemka kwenye nyuzi 290. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unafaa koili za zaidi ya omu 1. Ukitia wenye gliserini ya asilimia 70 kwenye koili hizo zenye matundu madogo, pamba hainyonyi kwa kasi inayotakiwa. Inakauka, joto linapanda, na gliserini inavunjika kuwa akrolini na fomaldehidi, kemikali zenye sumu. Ile harufu kali inayokukaba koo ndiyo hiyo: acha kuvuta papo hapo. Ukifanya kinyume, kimiminika chepesi kwenye koili ya matundu makubwa, kitavuja. Vimiminika vilivyotiwa sukralosi, kitamu bandia, huacha gamba jeusi kwenye koili, nayo huisha mapema.

Nikotini ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Asilimia 5 si kiasi kidogo. Ni takriban miligramu 50 kwa kila mililita. Nikotini ya chumvi, yaani iliyochanganywa na asidi, haiwashi koo, hivyo mtu huvuta nyingi bila onyo la mwili. Kimiminika cha miligramu 20 kilichokusudiwa kifaa cha wati 12 kisitiwe kwenye kifaa cha wati 60, kwa sababu kila pumzi huko huvukiza kiasi kikubwa zaidi. Na mafuta ya aina yoyote yasivutwe kamwe. Mlipuko wa ugonjwa wa mapafu Marekani ulihusishwa hasa na asetati ya vitamini E, ambayo ni mafuta, katika bidhaa za bangi za kuvuta kwa mvuke. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufariki, wakiwemo 68 waliopoteza maisha.

Kwa upande wa sheria, Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 2014/40 ni mfano ulio wazi. Kimiminika chenye nikotini kisizidi miligramu 20 kwa mililita, chupa ya kujazia isizidi mililita 10, tangi lisizidi mililita 2. Mtengenezaji au mwagizaji huwasilisha taarifa miezi 6 kabla ya kuingiza bidhaa sokoni, akitaja viambato vyote na viwango vyake, data za sumu, kiasi cha nikotini kinachovutwa na maelezo ya utengenezaji. Akibadilisha jambo la msingi, huwasilisha taarifa upya. Kila nchi mwanachama hujipangia adhabu, na faini kwa kosa la makusudi inaweza kuwekwa kwa kiwango cha kufuta faida iliyotarajiwa.

Mtoto akimeza kimiminika chenye nikotini, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, bila kusubiri dalili. Kwa malalamiko mengine, lete koili bila kuiosha, chupa yenye namba ya toleo, kifungashio, na wati ulizokuwa umepanga. Bila namba ya toleo hatuwezi kumfuatilia mtengenezaji.