Arobaini imekwisha, mbona bado nimechoka?

Kwenye nyumba nyingi za Pwani mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi. Hupewa chumba cha ndani, hukandwa, huletewa uji wa pilipili manga, na kwa siku arobaini haingii jikoni. Uchagani atanyweshwa mtori, ile supu ya ndizi na nyama, mpaka auchoke. Utaratibu huo una akili ndani yake na sina nia ya kuubeza. Tatizo ni kwamba huku mjini tumebaki na miiko, wasaidizi hatuna tena. Mzazi yuko chumba na sebule Mbagala au Kayole, mama yake alikaa wiki mbili akarudi kijijini, na majirani wanapita kumpa hongera na masharti kwa pamoja.

“Siku arobaini zikiisha, umepona.”

Arobaini inakaribiana sana na wiki sita wanazohesabu hospitali, na kuna sababu. Mara tu baada ya kujifungua mfuko wa uzazi una uzito wa karibu kilo moja. Kufikia wiki ya sita umesinyaa hadi chini ya gramu 100, na damu ya uzazi kwa wengi huwa imekata kati ya wiki ya nne na ya sita. Ila huo ni mfuko wa uzazi peke yake. Akiba ya madini ya chuma iliyochotwa na mimba na kujifungua hujaa kwa miezi. Aliyepasuliwa, kidonda cha juu hufunga mapema huku tabaka za ndani zikiendelea kuunga. Misuli inayoshikilia kibofu nayo ina ratiba yake. Kama miezi mitatu imepita na mkojo unakuponyoka ukikohoa au ukicheka, usikubali kuambiwa “ndiyo uzazi huo”. Yapo mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, na yanasaidia.

Halafu kuna kunyonyesha, kunakotumia takriban kilokalori 500 za ziada kwa siku. Hiyo ni sahani nyingine kamili ya wali na maharage. Ndani ya arobaini sahani hiyo ililetwa na shangazi au wifi. Siku ya arobaini na moja mtoto ananyonya vilevile, sahani haiji.

Na kupumzika hakumaanishi kulala kitandani kutwa. Damu ya mzazi huganda kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine, na kulala muda mrefu bila kutembea huongeza hatari ya kuganda kwenye miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, ni hospitali siku hiyo hiyo.

“Mzazi lazima achoke, avumilie.”

Kukosa usingizi kunachosha, hilo halina ubishi. Lakini uko uchovu wenye dalili zake: kizunguzungu ukiinuka, moyo kwenda mbio kwa kupanda ngazi chache, kope zilizopauka kwa ndani, na ile hamu ya kutafuna udongo. Wanaouza udongo huo sokoni, pemba kwa jina lake, wanawajua wateja wao, wajawazito na wenye watoto wachanga. Hamu hiyo mara nyingi hufuatana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, na udongo wenyewe hauponyi chochote. Unaweza hata kuzuia madini hayo yasifyonzwe.

Hospitali huhesabu kwamba mzazi ametokwa damu kupita kiasi inapofika mililita 500 au zaidi. Mwanamke aliyeingia leba akiwa na damu pungufu hahitaji kufika huko ili aanze kuyumba. Kipimo cha wingi wa damu ni tone la kidoleni. Shirika la Afya Duniani linasema vidonge vya kuongeza damu vinaweza kuendelea kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, hasa katika nchi ambako upungufu wa damu kwa wajawazito ni tatizo kubwa, na kwetu ni tatizo kubwa. Wengi huviacha kwenye droo wakidhani kazi yake iliisha na mimba. Vikifanya choo kiwe cheusi usishtuke, ndivyo vilivyo.

Ikiwa damu iko sawa na bado huna nguvu, mwambie daktari aangalie tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua tezi hii huwasumbua takriban wanawake 5 kati ya 100. Kwa baadhi yao huanza na jasho na moyo kwenda mbio, kisha hugeuka kuwa uzito, kuhisi baridi na uchovu usioisha hata ukilala.

“Kunywa vyekundu, damu itaongezeka.”

Rozela, juisi ya bitiruti, soda nyekundu iliyochanganywa na maziwa. Rangi haina kazi yoyote hapo. Madini ya chuma yako kwenye maini, nyama, dagaa, na kwa kiasi kidogo zaidi kwenye maharage na mboga za majani. Yale ya mimea mwili huyapokea kwa shida, kwa hiyo kamulia ndimu kwenye mchicha au kula chungwa baada ya chakula. Adui mkubwa ni chai, rangi au ya maziwa, tuliyozoea kunywa na kila mlo. Inazuia sehemu kubwa ya madini hayo. Ikae mbali na chakula na kidonge kwa saa moja au mbili. Uji wa pilipili manga uendelee, una maji na nguvu, ila usiutegemee kwa damu.

“Asipokandwa, uchafu utabaki tumboni.”

Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, na kila mtoto anaponyonya hukazwa zaidi. Ndiyo maana tumbo huuma wakati wa kunyonyesha siku za mwanzo. Kitambaa chenye joto la kawaida mgongoni kinaburudisha, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni yale maji yanayotokota ambayo anayekanda mwenyewe anayashika kwa kuruka, halafu anayakandamiza juu ya tumbo au kidonda cha mtu mwingine. Watu wanaungua. Kanga ikifungwa kiasi humpa mgongo wake raha, ikifungwa mpaka pumzi ikate haipunguzi tumbo. Na ikiwa damu ina harufu mbaya, au kuna homa, hayo ni maambukizi. Kumkanda ni kumchelewesha.

“Mkilala pamoja, mtoto atabemendwa.”

Kubemendwa ni kule kudhoofu kwa mtoto kunakodaiwa kuletwa na wazazi kulala pamoja. Hii ndiyo inayovunja ndoa. Mtoto akidhoofu, macho yote yanamgeukia mama, na kwa baba macho hayafiki. Manii hayaingii kwenye maziwa kwa njia yoyote. Ila wazee waliona kitu cha kweli: mimba ikiingia mapema, mtoto wa kwanza huachishwa kunyonya kabla ya wakati na kweli hudhoofu, na mama anaanza kubeba mwingine akiba haijajaa. Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kukaa angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Njia ya uzazi wa mpango inalinda wote watatu kuliko kulala vitanda tofauti kwa hofu. Kunyonyesha pekee kunalinda vizuri tu ikiwa mtoto hajafika miezi sita, hapewi kitu kingine usiku wala mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo usiihesabu tena.

“Bibi zetu walizaa wanane na walilima.”

Walilima, na wengine walikufa. Hata zama zetu hizi bado wanakufa: Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104; vimepungua, havijaisha.

“Sonona ni ya Wazungu.”

Kulia bila sababu siku za mwanzo huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Kukipita hapo, na mama hana hamu na chochote, hawezi kulala hata mtoto akilala, au anaona mtoto angekuwa salama zaidi na mtu mwingine, huo ni ugonjwa, ndiyo sonona yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Huwapata wenye shukrani na waliomsubiri mtoto miaka kumi. Inatibika, na zipo dawa anazoweza kutumia huku ananyonyesha. Akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja; apelekwe hospitali hapo hapo.

Tanzania mtoto hupelekwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9. Mzani ni wake, kadi ni yake, na mama akiulizwa kitu huwa ni kuhusu mtoto. Siku hiyo hiyo, kabla hujafunga mbeleko kuondoka, sema kwa sauti: nipimeni na mimi damu na presha.