Simu Mpya Bila Waya wa Kuchajia: Mnunuzi wa Mtwara na Lindi Aangalie Nini

Mwezi Oktoba 2020 kampuni ya Apple ilipotoa iPhone 12, kichwa cha chaja kiliondolewa kwenye boksi, na Januari 2021 Samsung ikafuata kwa Galaxy S21. Sasa imefika zamu ya waya. Spika za masikioni za AirPods 4, zilizotoka Septemba 2024, huuzwa bila waya, na mwaka 2025 Sony nayo ilianza kuuza simu ya Xperia 10 VII bila waya ndani ya boksi.

Watengenezaji husema kwamba mnunuzi tayari anazo nyaya nyumbani na kwamba hatua hiyo hupunguza taka za kielektroniki, hasa baada ya Umoja wa Ulaya kulazimisha, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, kwamba simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la USB-C (lile dogo la umbo la yai). Hoja hiyo ina ukweli kwa nyumba yenye droo iliyojaa nyaya. Kwa mkulima wa Newala au Nachingwea anayenunua simu janja yake ya kwanza baada ya malipo ya korosho, akiwa ametoka kwenye kitochi ambacho waya wake hauingii kabisa katika tundu hilo, hoja haimgusi; waya wa ndani ya boksi mara nyingi ndio pekee wa kuaminika ambao angeupata. Akiukosa atanunua ule unaoning'inia kibandani stendi, na hapo ndipo elimu inahitajika.

Waya wa kuchajia hupimwa kwa shaba iliyo ndani yake, wala si kwa unene wa plastiki ya nje. Nyuzi zikiwa nyembamba, au zikiwa za chuma au alumini iliyopakwa shaba, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, huongezeka. Tuchukue waya wenye ukinzani wa nusu ohm (ohm ndicho kipimo cha ukinzani): ukipitisha ampia 2 unapoteza volti 1, yaani kati ya volti 5 zinazotoka kwenye chaja, simu inapata 4 tu, na wati 2 (volti 1 mara ampia 2) zinageuka joto ndani ya waya. Ndiyo maana simu hukaa kwenye chaja usiku kucha na asubuhi haijajaa, kisha mwenye simu akalaumu betri. Kwa sababu hiyo hiyo, waya mrefu wa mita 2 au 3 (ambao wengi wetu tunaupenda ili tuchati tukiwa tumelala) unahitaji shaba nene zaidi kuliko mfupi.

Waya wenye USB-C pande zote mbili, ulio wa kiwango, hubeba hadi ampia 3, yaani wati 60 kwa volti 20; zaidi ya hapo lazima uwe na chipu ndogo inayoieleza chaja uwezo wake. Zipo pia nyaya zisizo na nyuzi za kupitisha data, ambazo huchaji lakini hazihamishi picha kwenda kwenye kompyuta. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afungue boksi uone kama waya umo, kisha uangalie kichwa cha chaja ulichonacho: kama tundu lake ni lile pana la zamani, waya wa USB-C pande zote hautaingia.

Sumaku husaidia kidogo kujua kama waya ni wa shaba: ikinata katikati ya waya, ndani mna chuma, japo isiponata si uthibitisho kwamba ni shaba tupu.

Kwetu pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko, kuna adui mwingine, nao ni chumvi ya hewani. Unyevu wenye chumvi ukikaa kwenye pini zenye umeme, metali huliwa na kuota ukungu wa kijani au mweusi. Usiache waya umechomekwa dirishani usipotumika, na simu iliyoloa, hasa ya mvuvi, isichajiwe mpaka tundu likauke kabisa. Pini zikishabadilika rangi, waya huo utupwe, kwa kuwa kuukwangua kwa kisu huondoa ule utando unaokinga metali na kuharakisha kutu.