Yale Mawe ya Duara Hayakujipanga Yenyewe

Kila majira ya joto, meli za watalii zinapoanza kuingia Nunavut, kaskazini mwa Kanada, tunaletewa malalamiko yaleyale: mawe ya kale yaliyopangwa duara na mababu wa Wainuit, wenyeji wa huko, yamehamishwa, mengine yamegeuzwa mafiga. Pamoja nayo huja lile swali lisilokoma: "Kwani Wainuit hawakuwa wakiishi kwenye nyumba za barafu?"

Ni theluji, si barafu. Nayo ilikuwa nyumba ya msimu au ya safari ya uwindaji, tena si kila mahali. Watu wa Thule, mababu wa Wainuit, waliosambaa kutoka Alaska kuelekea mashariki takriban karne ya 13, walijenga nyumba za baridi kwa mawe, mabonge ya udongo wenye nyasi na mifupa ya nyangumi, maana miti haikuwepo. Uliingia kwa kutambaa katika njia iliyochimbwa chini kuliko sakafu. Hewa baridi ni nzito, ikabaki humo shimoni. Familia ililala juu ya ulingo, kwenye joto. Taa ya jiwe iliyochoma mafuta ya sili, mnyama wa baharini, ilipikia, ikaangaza, ikakausha nguo.

Nguo zenyewe zilikuwa na tarehe ya mwisho. Ngozi bora ya kulungu wa Aktiki, yaani wa kaskazini ya mbali yenye baridi kali, hupatikana Agosti hadi mwanzo wa Septemba. Kabla ya hapo manyoya ni haba, baadaye ni mazito mno. Ukichelewa kuwinda, wanao watavaa nini Januari?

Joto liliporudi, walihamia mahema ya ngozi, wakabana kingo zake kwa mawe. Wakiondoka, mawe yalibaki yamezunguka. Ndiyo hayo mawe ya duara.

Kwa kanuni za Nunavut za mwaka 2001, kifaa cha kale ni ushahidi wowote wa kazi ya binadamu uliopita miaka 50 ambao hauna mwendelezo wa umiliki au matumizi. Kibali cha daraja la 1 huruhusu kukagua na kuandika kumbukumbu bila kugusa. Cha daraja la 2 ndicho huruhusu kuchimba au kuondoa kitu. Tiketi ya meli si kibali cha daraja lolote. Kumiliki kilichoondolewa kinyume cha kanuni nako ni kosa, hata kama umepewa zawadi.

Ukiona duara, piga picha, liache lilivyo, mwarifu kiongozi wa msafara. Chai ipikiwe kwenye jiko la gesi.